Ukishaajiriwa, Mwalimu, Unaelekea Wapi?

Januari 2025, kumbi za vyuo na shule mikoani zilijaa watu wenye bahasha za vyeti mkononi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma ilikuwa ikifanya usaili wa walimu, na waombaji waliozidi 200,000 walikuwa wakigombea nafasi zisizofika 15,000. Wapo waliokuwa wametoka chuoni juzi. Wapo waliokaa mtaani miaka mingi, wakijitolea kwa posho ya wazazi au wakifundisha tuisheni kwenye mabanda. Kabla ya hapo serikali ilizoea kupitia vyeti na kuwapangia walimu vituo moja kwa moja. Safari hii walikaa chini wakafanya mtihani, kama wanafunzi wao.

Magazeti yaliandika, vijiwe vikajadili, wabunge wakauliza maswali. Mlango wa kuingilia kwenye ualimu ukawa habari ya nchi nzima. Lakini yule aliyepenya, akaripoti kituoni, akapewa vipindi vyake na akaanza kuandika andalio la somo, habari yake iliishia hapo. Hakuna aliyemuuliza atakuwa akifanya kazi gani baada ya miaka 10. Mara nyingi hata yeye mwenyewe hajajiuliza.

Hesabu ya umri inatosha kuonyesha uzito wa swali hilo. Mtumishi wa umma Tanzania anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hana budi kuondoka. Mwalimu aliyeajiriwa akiwa na miaka 24 ana miaka 36 mbele yake. Ndani ya muda huo mtaala utabadilika zaidi ya mara moja, watoto wake watazaliwa na kumaliza shule, wazazi wake watazeeka, na yeye mwenyewe atatamani vitu ambavyo siku ya kuripoti hakuvifikiria. Muda wote huo ni mrefu mno kuuachia waraka uamue.

Na wengi wameuachia waraka. Mwalimu mpya hukaa kwenye majaribio miezi 12, kisha huthibitishwa kazini. Wa astashahada huanzia ngazi ya mshahara ya TGTS B, wa stashahada C, wa shahada D. Kuanzia hapo chumba cha walimu humfundisha msamiati wake: kupanda daraja, kubadilishiwa muundo, malimbikizo, mserereko. Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa Sheria Namba 25 ya mwaka 2015 kuchukua nafasi ya idara ambayo wakongwe bado wanaiita TSD, ndiyo inayoshughulikia madaraja na nidhamu yake. Mwajiri wake ni mkurugenzi wa halmashauri. Shule yake iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa. Vyuo vya ualimu na uthibiti ubora viko chini ya Wizara ya Elimu. Wakubwa ni wengi, na kila mmoja ana jalada lake. Katika mzunguko huo ni rahisi mtu kuamini kwamba kusonga mbele ni kusubiri barua ifike.

Mwaka 2016 ulionyesha hatari ya imani hiyo. Serikali ilisimamisha upandishaji wa madaraja ili kuwasaka watumishi hewa, na baadaye ukafuata uhakiki wa vyeti vya kughushi. Mwalimu aliyekuwa amebakiza miezi michache kupanda alisubiri, akasubiri tena. Upandishaji ulirudi polepole, na waliocheleweshwa wakaja kufidiwa ngazi zao kwa utaratibu huo wa mserereko, ingawa si wote waliona haki imetendeka. Daraja ni stahili ya mwalimu na anapaswa kulidai bila woga. Hata hivyo halimwambii atafanya nini kesho asubuhi. Aliyepanda kutoka D kwenda E anarudi kwenye darasa lile lile, kwa kazi ile ile, na mshahara ulionona kidogo. Kama hana jambo jingine analolijenga, kila kuchelewa kwa barua kunamsimamisha yeye mzima.

Vizazi vilivyotangulia vililijua hili kwa vitendo. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilipoharakisha elimu ya msingi kwa wote, maarufu kwa jina la UPE, walimu hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa kwa maelfu, wakafunzwa ualimu palepale vijijini kwa vitabu na redio huku wakifundisha. Wengi waliwadharau. Lakini fuatilia walikoishia: kutoka daraja C la cheti cha ualimu cha wakati huo kwenda B, kutoka B kwenda A lililokuwa la juu, wengine wakikamilisha safari hiyo miaka ya 2000 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wakiwa tayari na mvi. Walifanya mtihani wa kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea, usiku, kwa taa ya chemli, huku mchana wakifundisha mikondo miwili. Wapo waliostaafu wakiwa walimu wakuu wa shule kubwa.

Miaka ya katikati ya 2000 hadithi ilijirudia sekondari. Shule za kata ziliota kila mahali, na vijana wa kidato cha sita wakapelekwa madarasani baada ya mafunzo ya muda mfupi. Mitaani waliitwa voda fasta, jina lililouma. Waliobaki kwenye kazi na kufika mbali ni wale waliojiandikisha Chuo Kikuu Huria, wakasoma kwa moduli na mitihani hadi jina lile likawatoka. Makundi haya mawili yalianzia mahali pa chini kuliko mwalimu yeyote wa leo. Walichokuwa nacho ni kujua wanakokwenda.

Kwa walimu wengi hatua ya kwanza ya kufikiria ni kurudi kusoma, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika. La kwanza ni kusoma bila ruhusa ya mwajiri. Mwalimu anajilipia ada kwa miaka kadhaa, anahitimu, anapeleka cheti ofisini, anaulizwa barua ya ruhusa iko wapi. La pili ni kuchagua kozi kwa sababu tu chuo kiko karibu au ada ni nafuu. Kozi inapaswa kujibu swali la kazi. Mitaala mipya iliyoanza Januari 2024 ilileta mkondo wa amali sekondari na kuliingiza somo la biashara kwenye masomo ya lazima. Walimu wa masomo hayo walihitajika ghafla. Uhaba wa walimu wa fizikia na hisabati ni wa miaka yote. Elimu maalumu nayo ina nafasi ambayo wengi huipita bila kuitazama. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arumeru, kimekuwa kikiandaa walimu wa watoto wasioona, viziwi na wenye ulemavu wa akili, na shule zenye vitengo vya watoto hao bado zinawatafuta. Mwalimu mwenye moyo wa kazi hiyo anapata ujuzi ambao hauchuji, kwa kuwa hakuna mtaala utakaokuja kusema mtoto kiziwi hahitaji mwalimu wa lugha ya alama.

Kosa la tatu linahusu muundo. Mwalimu wa stashahada aliyekwisha kupanda madaraja kadhaa, kisha akahitimu shahada, anapaswa kuuliza mapema kubadilishiwa muundo kutamweka ngazi gani. Ofisa utumishi wa halmashauri anaweza kumwonyesha kwenye waraka. Ni bora aulize kabla ya kulipa ada kuliko baada ya mahafali.

Njia ya pili, na inayotamaniwa kuliko zote, ni uongozi wa shule. Inaanza kimyakimya: mwalimu wa darasa, mwalimu wa nidhamu, mtaaluma, makamu, halafu siku moja barua ya uteuzi. Tangu Julai 2016 serikali hulipa posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, na 250,000 kwa mkuu wa shule ya sekondari na kwa afisa elimu kata. Fedha hiyo si ndogo kwa mtu anayesomesha. Pamoja nayo huja heshima ya kijiji, kiti cha mbele kwenye mikutano, na kuitwa bosi.

Lakini ni kazi nyingine kabisa, na hili halisemwi vya kutosha. Mwishoni mwa 2021, fedha za mpango wa UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchini kwa muda mfupi, usimamizi wa karibu uliangukia kwenye shule. Watu waliosomea kufundisha jiografia na Kiswahili walijikuta wakikagua kokoto, wakihesabu mifuko ya saruji, wakibishana na fundi kuhusu nondo, wakitunza stakabadhi zitakazokaguliwa, huku vipindi vyao vikichukuliwa na wenzao. Wengi waliifanya kazi ile kwa uadilifu mkubwa. Wapo pia walioharibikiwa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwafundisha manunuzi ya umma. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, ulioko Bagamoyo, hutoa stashahada ya uongozi na usimamizi wa elimu pamoja na kozi fupi. Mwalimu anayeutaka ukuu wa shule aitafute kozi hiyo kabla ya barua ya uteuzi. Na asiyeupenda umeneja awe na ujasiri wa kujiambia hivyo. Mwalimu bora wa hisabati akigeuzwa kuwa mkuu wa shule asiyetulia, shule imepoteza watu wawili kwa mkupuo.

Ipo milango mingine isiyo na kelele. Wathibiti ubora wa shule, ambao zamani waliitwa wakaguzi, hutoka miongoni mwa walimu wazoefu, na ADEM hiyohiyo ina stashahada inayowaandaa. Wakufunzi wa vyuo vya ualimu kama Butimba, Korogwe, Mpwapwa na Tukuyu nao wengi walianzia kwenye chaki ya kawaida. Taasisi ya Elimu Tanzania ina wakuza mitaala, na inapoandaa vitabu na mihutasari huwahitaji walimu walioko darasani. Anayevutiwa na milango hii akumbuke jambo moja la kiutawala: anahama kutoka TAMISEMI kwenda wizarani au kwenye taasisi, kwa hiyo barua yake itapita mikono mingi. Inafaa aanze na hatua zilizo ndani ya uwezo wake. Kusahihisha mitihani ya Baraza la Mitihani ni mojawapo, na ni shule isiyolipiwa ada. Mwalimu aliyekaa wiki kadhaa na skripti za watoto wa nchi nzima hurudi akijua wapi somo lake hupotea njiani, na anafahamiana na wenzake wa somo lilelile kutoka mikoa ambayo hajawahi kufika.

Uhadhiri una sharti ambalo huwaumiza wengi kwa kuchelewa kulijua. Matangazo ya kazi za uhadhiri katika vyuo vikuu vya umma yamezoea kudai ufaulu wa wastani wa 3.8 kwenye shahada ya kwanza. Mwalimu anayesoma shahada huku anafundisha, anayechukulia 2.9 kuwa imetosha maadamu anapata cheti, amefunga mlango huo bila kujua kwamba ulikuwepo. Kama una ndoto ya chuo kikuu, unaanza kuilinda mwaka wa kwanza wa masomo.

Kwa walimu wa Kiswahili kumefunguka upande wa nje. SADC ilikifanya kuwa lugha yake rasmi mwaka 2019. Mwaka 2021 UNESCO ikatangaza 7 Julai kuwa siku yake duniani, na mwaka 2022 Tanzania na Afrika Kusini zikakubaliana kushirikiana katika ufundishaji wake. Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, lina kanzidata ya wataalamu na huendesha mafunzo ya kufundisha wageni. Mafunzo hayo ni ya lazima kwa maana halisi. Mwalimu aliyezoea kuwaeleza watoto wa Singida ngeli za nomino, watoto wanaoisikia lugha hiyo kila siku, anahitaji mbinu tofauti kabisa mbele ya mtu mzima ambaye hajawahi kusikia hata neno moja la Kiswahili. Anayejiandaa mapema, akafundisha hata wageni wawili watatu waliopo wilayani kwake, atakuwa na cha kuonyesha nafasi itakapotangazwa.

Njia hizi zote zinamtoa mwalimu darasani, au zinampeleka kwenye darasa la wengine. Na hapa kuna jambo zito ambalo taifa limejifundisha bila kukusudia. Nyerere alifundisha Tabora na Pugu kabla ya kujiuzulu mwaka 1955 kwa ajili ya siasa. Mwinyi alifundisha Mangapwani, Zanzibar, na akaja kuongoza chuo cha ualimu. Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sengerema. Kassim Majaliwa alisomea ualimu Mtwara, akafundisha, akawa mtendaji wa Chama cha Walimu, kisha mkuu wa wilaya, hadi uwaziri mkuu. Ualimu unastahili kujivunia watu hao. Lakini mtoto anayesikia orodha hiyo anaelewa kitu kimoja: mwalimu aliyefanikiwa ni yule aliyeondoka.

Kenya imetoa mfano wa upande wa pili. Machi 2019, Peter Tabichi, bruda wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kaunti ya Nakuru, alipewa Dubai tuzo ya mwalimu bora duniani, yenye thamani ya dola milioni moja. Shule ile ilikuwa na kompyuta moja na watoto wengi wa familia maskini, na yeye alikuwa akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia. Alituzwa kwa kazi ya darasani, kwa klabu ya sayansi ya wanafunzi wake, kwa kuwafuata majumbani wale waliokuwa karibu kuacha shule. Hakuwa na cheo kingine.

Hatua inayofuata inaweza kuwa hiyo: kubaki, na kuzama zaidi. Mwalimu wa darasa la kwanza anayejua kumfundisha kila mtoto kusoma, hata pale wanapokuwa 100 kwenye chumba kimoja, ana utaalamu usiopungua wa daktari bingwa, na nchi inapaswa kumtendea hivyo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, umejaribu kuufanya ujuzi huu uzunguke shuleni kwa walimu kukutana, kutazamana wakifundisha na kusahihishana. Ni wazo zuri sana, na pale mkuu wa shule anapolitengea muda kwenye ratiba linazaa matunda. Mwalimu anayebaki anaweza kuwa mwezeshaji wa wenzake, akaandika kitabu cha ziada, akalea walimu wa mazoezi wanaotoka vyuoni. Kinachokosekana ni malipo. Mwezeshaji anayeinua ufundishaji wa shule nzima hana posho ya madaraka, ilhali anayesimamia ofisi anayo. Wapangaji wa mishahara wakilirekebisha hilo, walimu wengi wazuri wataacha kukimbilia ofisi wasiyoipenda.

Mipango hii yote hugongana na maisha. Mwalimu wa kike aliyepangiwa kituo mbali na mumewe hutumia miaka yake ya mwanzo akitafuta uhamisho au mtu wa kubadilishana naye, na masomo yanasubiri. Mwingine analea watoto peke yake kijijini ambako hakuna wa kumwachia wiki mbili aende kwenye mitihani. Maombi ya uhamisho sasa hupitia kwenye mfumo wa kielektroniki wa watumishi, jambo lililopunguza safari za kwenda kupiga foleni makao makuu, lakini mfumo haupunguzi umbali kati ya Nanyumbu na Ngara. Kwa wanandoa walimu, mpango wa kazi ni wa wawili. Ni vizuri wakubaliane nani asome kwanza na nani ashike nyumba, tena wakubaliane kwa uwazi, maana kwa kawaida anayesubiri huwa ni mwanamke, na mara nyingi husubiri moja kwa moja.

Kuna mengine madogo yenye faida kubwa. Nakala ya kila barua, kuanzia ya ajira na ya kuthibitishwa kazini, ikae nyumbani, na picha yake ikae kwenye simu; majalada hupotea halmashauri zinapogawanywa na ofisi zinapohama. Mfumo wa PEPMIS, uliochukua nafasi ya OPRAS, hupima utendaji kwa kazi zilizoingizwa, kwa hiyo mwalimu asiyejaza anaonekana kama hakufanya kitu, hata kama darasa lake limeongoza wilaya. Mkopo wa benki usichukuliwe kabla ya kujua ada itatoka wapi. Na suala la kikokotoo cha pensheni limewafundisha wote kwamba mafao nayo hayapangiki kwa kukisia: mwaka 2022 malipo ya mkupuo wakati wa kustaafu yalishuka hadi asilimia 33 kwa waliokuwa wakitarajia asilimia 50, kisha mwaka 2024 serikali ikatangaza kuyapandisha hadi 40. Mwalimu wa miaka 45 aliyekwisha kuhakiki michango yake kwenye mfuko wa pensheni wa PSSSF na kuanza shughuli ya pembeni iliyo halali, iwe shamba au uandishi wa vitabu, anaingia miaka yake 15 ya mwisho kazini akiwa na utulivu ambao hata wanafunzi wake watauona.

Kwa anayetaka kuanza na masomo, kalenda ya halmashauri haimsubiri. Mpango wa mafunzo ya watumishi huandaliwa pamoja na bajeti, na mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Barua ya kuomba ruhusa ipite kwa mkuu wa shule na afisa elimu kata, imfikie mkurugenzi kabla bajeti haijafungwa miezi ya mwanzo ya mwaka, ikiwa na jina la chuo, kozi, muda wa masomo na mwalimu atakayeshika vipindi. Kipengele hicho cha mwisho ndicho wengi husahau kukiandika, na ndicho mkuu wa shule hukitafuta kabla ya kusaini.